Mikono ya Kiti

Kiti kisicho na mikono kinaweza kumsitiri fundi mvivu. Miguu minne, papi chache, misumari, vanishi nzito juu yake, na mteja anakibeba akiwa ameridhika. Ongeza mikono, uone. Mguu wa mbele haukomi tena chini ya paja. Unapanda mpaka usawa wa kiwiko. Nguzo ya nyuma, ambayo imelala kidogo ili mgongo upumzike, inalazimika kupokea ubao unaoijia kwa mshazari. Na mtu mzima anapotaka kuinuka, uzito wake wote anauegemeza hapo hapo viungo vinapokutana. Kiti cha kawaida hubeba mtu. Kiti cha mikono humbeba, humwegemeza, kisha humsaidia kusimama, na kazi hizo tatu hazivuti mbao upande mmoja.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Lumuma yuko fundi anayeunda viti vya mikono bila msumari hata mmoja wa chuma, nilitaka kuona kwa macho, tangu ubao mpaka kamba.

Lumuma iko wilayani Kilosa, kwenye bonde linalopakana na Mpwapwa, na wengi wanaijua kwa vitunguu. Mto unamwagilia mashamba, vitunguu vinakomaa, malori yanakuja, na pesa ikishaingia watu hukumbuka mambo waliyoyaahirisha: bati, ada, mahari, samani. Karakana ya fundi ni banda la mabati lenye kuta za pande mbili tu. Ana meza ya useremala iliyochongwa kwa gogo zito, jiliwa moja, misumeno mitatu, randa ndefu na randa fupi, mahati ya kupigia mistari, keekee ya kuzungusha kwa mkono, na patasi ambazo baadhi yake zilifuliwa na mhunzi kwa chuma cha springi ya gari. Hizo za springi ndizo anazozisifu. Zinachukua makali polepole, anasema, na zinayaachia polepole.

Mteja alikuwa kijana wa vitunguu aliyetaka kiti cha baba yake. Fundi hakumuuliza anataka cha mtindo gani. Alimwambia tu, “Mlete baba.”

Mzee akaletwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, fundi. Naambiwa unataka kunipima. Sanda au kanzu?”

“Kanzu, mzee wangu. Kanzu ya mbao.”

Alimkalisha kwenye kigoda, akawa anaongeza vipande vya mbao chini ya makalio, kimoja kimoja, mpaka nyayo za mzee zikatua sawasawa na mapaja yakalala bila kuning’inia. Kisha akasimamisha ufito kando yake, akatia alama tatu kwa kisu: kimo cha kalio, kimo cha kiwiko mkono ukiwa umekunjwa, na mahali mabega yanapoanza. Tepu anayo mfukoni. Nilipomuuliza mbona haitumii, alisema tepu inampa namba, na namba inataka kukumbukwa au kuandikwa. Ufito unakaa na kazi mpaka mwisho. Baadaye nilipima mwenyewe alama zake. Kalio lilikuja inchi 16 na nusu, kiwiko inchi 8 juu ya hapo. Viti vinavyouzwa barabarani huwa na kalio la inchi 17 au 18, na mzee mfupi akikalia kiti hicho miguu yake inakufa ganzi bila yeye kujua kosa liko wapi.

Mbao ni mninga. Kilosa ni nchi ya miombo, na mninga ni mti wa miombo: gome lililopasukapasuka, utomvu mwekundu ukilitia jeraha, tunda la mviringo lenye miiba katikati na bawa jembamba pembeni. Kuvuna kunataka kibali, na mbao ikisafiri inataka hati ya usafirishaji, kwa hiyo fundi hununua kidogo kidogo na hatupi kitu. Sifa ya mninga inayompendeza seremala si rangi, ingawa rangi yake ya kahawia iliyokolea hadi wekundu inauza yenyewe. Ni utulivu. Mbao nyingi zikikauka hupinda, hujikunja, hupasuka ncha. Mninga husinyaa kidogo sana, na ukishakauka hubaki ulivyo masika na kiangazi. Lakini kukauka kwake ni kwa taratibu, na hapo ndipo fundi anapotofautiana na wenye haraka. Mbao zake zimepangwa nyuma ya banda, kivulini, juu ya mawe, kila ubao umetenganishwa na mwenzake kwa vijiti vya unene mmoja vilivyosimama kwenye mstari mmoja toka chini mpaka juu. Kijiti kikikaa upande, ubao wa juu unajifunza kupinda. Ncha za mbao amezipaka rangi iliyobaki ili maji yasitoke kwa kasi kupitia huko.

Alizikagua moja moja. Aliinua ubao, akautazama kwa ncha huku amefumba jicho moja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza. Ubao wa mbili kwa sita aliuteua kwa nguzo za nyuma kwa sababu nyuzi zake zilikuwa zimejipinda kidogo kuelekea ncha moja. Mtu mwingine angeliona hilo kuwa dosari. Yeye aliweka kigezo chake cha nguzo juu ya ubao, akakisogeza mpaka mlalo wa nguzo ukafuata mpindo wa nyuzi, ndipo akachora. Nguzo iliyokatwa hivyo haina mahali nyuzi zinapokatishwa, na uzito wa mgongo wa mtu hauwezi kuivunja kwenye mlalo wake.

Kabla ya kukata chochote alifagia sakafu ya saruji na kuchora kiti kizima kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi: kwanza kinavyoonekana ubavuni, kisha kinavyoonekana kutoka juu. Kutoka juu kiti si mraba. Mbele kilikuwa inchi 21, nyuma 17, kwa sababu magoti ya mtu hupanuka na mgongo haupanuki. Tofauti hiyo ya inchi 4 ndiyo inayotesa. Mbao za ubavuni zinaingia kwenye nguzo kwa mshazari, mabega ya ndimi lazima yakatwe kwa mshazari huo huo, na mikono iliyo juu yake inarudia mshazari ule pamoja na mlalo wa nguzo. Pembe zote alizichukua kwenye mchoro wa chaki kwa skwea yenye mkono unaolegezwa, akaukaza, akaihamishia kwenye mbao. Hakukokotoa hata pembe moja kwa digrii.

Kupiga randa kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Mninga mkavu hauna ukaidi, ila vumbi lake linawasha pua na kifua, na fundi alijifunga kitambaa mdomoni. Randa ndefu ilianza kwa kunyoosha upande mmoja tu. Uliponyooka, aliutia alama ya penseli, na kuanzia hapo kila kipimo kilitokea kwenye upande huo, kamwe si kwenye mwingine. Skwea iliegemezwa hapo, mahati ikapita hapo. Maranda yalitoka mapana, membamba, yamejikunja, na yalipoanza kutoka yakiwa mazima toka ncha mpaka ncha alijua ubao umenyooka, hakuhitaji kuupima.

Kisha matundu. Kiti hiki kina matundu mengi kuliko unavyoweza kuamini ukikitazama kikiwa kimekamilika: ya mbao nne za fremu, ya vishikizo vya chini vinavyoshikanisha miguu, ya papi za mgongo, ya mikono. Mahati ina sindano mbili. Fundi alizipanga kwa upana wa patasi yake, si kwa kipimo cha rula, akapiga mistari miwili sambamba pande zote mbili za nguzo. Alianza kuchimba katikati ya tundu, si pembeni. Patasi wima, nyundo ya mti, pigo moja. Anasogea kidogo, pigo la pili, anabanjua kipande. Pembe za tundu aliziacha mpaka mwisho, kwa sababu ukibanjua huku patasi ikiwa imeegemea ukingo wa mwisho, ukingo unabonyea na hauwi mkali tena. Alipofika nusu ya kina aligeuza nguzo akachimba kutoka upande wa pili, na matundu mawili yakakutana ndani bila ngazi. Kijana wake, anayejifunza, alipewa matundu ya vishikizo vya chini. Lake la kwanza lilikutana na ngazi ndogo. Fundi alitia kidole ndani, akakitoa, akamrudishia nguzo bila kusema neno, na kijana akachukua patasi kuilainisha.

Ulimi hukatwa kwa msumeno kando ya mstari, upande wa mbao inayotupwa, mstari wenyewe ukibaki unaonekana nusu. Kisha kinakuja kipimo ambacho hakina namba. Ulimi unaingizwa tunduni kwa kiganja. Ukihitaji nyundo, umekaza mno na utapasua nguzo. Ukiteleza wenyewe, umelegea na gundi haitauokoa. Unaotakiwa ni ule unaoingia kwa kusukumwa, ukatoa sauti ndogo ya hewa, na nguzo ikiinuliwa juu ukabaki umening’inia. Fundi alirudia jambo hili kwa kila ulimi, akipunguza kwa patasi unene wa karatasi, akijaribu, akipunguza tena. Nimewahi kuona watu wakimwaga gundi na unga wa mbao kwenye tundu lililolegea, kisha wakapaka vanishi. Kiti kinapendeza. Kinapendeza mpaka mtu mnene akae.

Vishikizo vya chini, vikiwa tayari, havikukaa karakanani. Alivipeleka nyumbani, vikawekwa uchagani juu ya moto wa jikoni, wakati nguzo zilibaki bandani. Sababu ni hii: kishikizo kikauke zaidi ya nguzo. Kitakapoingia tunduni kitavuta unyevu kidogo wa hewa na kuvimba, na kiungo kitajikaza chenyewe.

Ujuzi huo ulikuwa nguzo ya viti vya mikono vya Marekani ya mwanzo. Katika karne ya 17, huko Plymouth na miji jirani ya Massachusetts, mafundi walikereza nguzo nene kutoka mti uliotoka kuangushwa, ungali na maji, wakatoboa matundu, wakapigilia vishikizo vilivyokwisha kukaushwa. Nguzo ilipokauka ilisinyaa na kung’ata vishikizo hivyo, na baadhi havijaachiwa hadi leo. Viwili vya viti hivyo, vinavyohusishwa na William Brewster na John Carver, walowezi waliofika na meli ya Mayflower mwaka 1620, vimo katika jumba la makumbusho la Pilgrim Hall mjini Plymouth. Vilikuwa viti vya wakubwa. Nyumba ilikuwa na kimoja, cha baba mwenye nyumba. Waliobaki walikalia mabenchi na vigoda, mpango ambao Mluguru au Mgogo wa zamani asingeuona wa ajabu.

Kuna kisa juu ya kiti hicho cha Brewster ambacho nilimsimulia fundi, akacheka mpaka akaweka randa chini. Mwaka 1969 mchongaji mmoja wa Rhode Island, Armand LaMontagne, aliamua kuwapima wataalamu. Akatengeneza kiti cha aina hiyo, akakichakaza kwa makusudi, akakiachia mikononi mwa wauza vitu vya kale, na mwishowe kikanunuliwa na jumba la makumbusho la Henry Ford, Michigan, kikihesabiwa kuwa cha karne ya 17. Ukweli ulipotoka, picha za eksirei ziliuthibitisha: matundu yalitobolewa kwa keekee ya kisasa. Keekee ya kale ilikuwa na ncha ya kijiko na huacha kitako cha tundu kikiwa cha mviringo. Ya kisasa huacha alama ya ncha katikati. Fundi alichukua keekee yake, akatoboa kipande cha mbao, akakipasua kwa patasi, akatazama kitako cha tundu. “Wangenikamata na mimi,” alisema.

Sasa msumari wa mti. Huu nauweka peke yake kwa sababu ndio ufundi ulionistaajabisha kuliko wote. Kiungo kilipokwisha kujaribiwa, fundi alichomoa ulimi, akatoboa nguzo kwa keekee, tundu jembamba linalopita katikati ya tundu la ulimi. Kisha aliingiza ulimi, akautia alama kwa ncha ya keekee, akauchomoa, na kutoboa ulimi si pale penye alama bali karibu zaidi na mabega, kwa unene wa ukucha. Matundu hayo hayaonani sawasawa. Akachonga msumari kwa kipande cha mpingo, mti mzito unaozama majini, akauchonga ncha ndefu. Alipoupigilia, ncha ilitafuta tundu la ulimi lililokaa kando, ikalivuta, na mabega ya ulimi yakabana kwenye nguzo mpaka ule uwazi wa nywele kati yao ukatoweka. Mbao ilivutwa na mbao. Gundi ilikuwapo, kidogo, lakini hata ikifa miaka ijayo kiungo hakitajua.

Papi tano za mgongo ziliingia kati ya mbao mbili zilizochongwa upinde mdogo. Hapo kuna uamuzi mkubwa ambao mtazamaji haoni: ni nini kinachoshika kiti? Katika viti vya Windsor, ambavyo kwa upande wa Marekani vilianza kutengenezwa Philadelphia katika miaka ya 1740, jibu ni kalio. Ubao mnene wa mti laini huchongwa bonde kufuata makalio. Miguu ya mti mgumu hupigiliwa kutoka chini, fito nyembamba za mgongo kutoka juu, na upinde wa mti uliolainishwa kwa mvuke huzishika fito zote. Thomas Jefferson alikuwa na cha kwake, kinachozunguka. Katika kigoda cha kwetu cha miguu mitatu jibu ni gogo lenyewe, kwani hakuna kiungo hata kimoja. Katika kiti cha enzi cha Lamu na Unguja, chenye mgongo mrefu wa mraba, vipande vya pembe na nyuzi za pamba zilizosukwa, ni fremu. Fundi wa Lumuma ni wa ukoo huo wa fremu. Kwake nguzo ndizo zinazoshika kila kitu, na kalio huja mwisho.

Mikono yenyewe aliianza kwa tezo. Ubao wa mbili kwa nne ulilazwa kwenye gogo, akaukata chini ya kiwiko kwa mapigo mafupi, kila pigo likikomea pale lililotangulia lilipoanzia. Baada ya tezo ikaja tupa, baada ya tupa kipande cha chupa iliyovunjwa, kikishikwa kwa vidole vya mikono yote miwili na kuvutwa kuelekea kifuani. Kioo hunyoa mninga vizuri kuliko msasa wa dukani, kwa sababu hakijazi vumbi kwenye vinyweleo vya mbao. Ubavuni mkono ni mwembamba katikati na unanenepa mbele, na ncha yake imeshuka kwa mviringo, ili viganja vipate mahali pa kushika mwili unapoinuka. Kwa chini upo ulimi wa mguu wa mbele. Kwa nyuma mkono umechongwa mdomo unaoikumbatia nguzo kwa pande mbili, wenye mshazari wa inchi zile 4 na mlalo wa mgongo kwa wakati mmoja. Aliupaka mdomo huo vumbi la mkaa, akauegemeza kwenye nguzo, akautoa. Mahali weusi ulipohamia ndipo palipogusana. Akapapunguza kwa patasi, akaupaka tena. Alirudia hivyo mpaka weusi ukaenea nguzo nzima bila kubagua.

Hakutia vanishi kwenye mikono. Sehemu nyingine zilipata vanishi nyepesi, lakini mikono aliisugua kwa nta ya nyuki iliyolainishwa na tapentaini. Jasho la viganja hubandua vanishi, alieleza, na kiti huanza kuonekana kibovu pale pale mtu anaposhika kila siku. Nta ikiisha, mwenye kiti anapaka nyingine mwenyewe. Nakubaliana naye, na ningeongeza kwamba mninga uliopakwa nta una mng’ao wa chini unaotoka ndani ya mbao. Wa vanishi unakaa juu yake.

Kalio liliwambwa kwa kamba ya katani. Kilosa imelima katani tangu enzi za mashamba makubwa ya Kimamba na Rudewa, kufuatia mmea huo kuletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kamba bado inapatikana kwa urahisi. Fundi aliiloweka kwenye ndoo mpaka ikalegea. Akaizungusha kutoka mbele kwenda nyuma, jozi kwa jozi, akikaza kila jozi kwa kijiti kilichosokotwa. Kisha akaanza kupitisha za kukatiza, mbili juu, mbili chini, mstari unaofuata ukisogea hatua moja, na mshazari ukaanza kuonekana wenyewe kwenye mfumo. Kwa kuwa mbele ni pana kuliko nyuma, pembeni hubaki pembetatu mbili zisizotosha mzunguko mzima. Alizijaza kwanza kwa vipande vifupi, ili kamba ndefu zipite sambamba. Katani ilipokauka, kalio lilikuwa limekaza hata likigongwa kwa kidole linaitika.

Mzee alikuja kukichukua mwenyewe, na mwanawe nyuma yake na pesa iliyobaki. Alikaa, akaweka viwiko, akainuka, akakaa tena, akainuka tena. Mara ya pili alizunguka nyuma akatafuta misumari.

“Kamba italegea mwezi wa kwanza,” fundi alimwambia. “Usiifunge mwenyewe, mzee. Kirudishe niikaze, sikutozi. Na kisinyeshewe.”

“Na nikitaka cha mama yake huyu?”

Fundi alitazama mbao zilizobaki juu ya mawe, akainua moja kwa ncha, akairudisha juu ya vijiti vyake. “Hizi hazijakauka. Tuonane baada ya vitunguu vya mwakani. Na mama naye aje apimwe.”